Orodha ya Mwezi wa Kumi

Mwezi wa Kumi mashine yetu huanza kunguruma mapema.
Karatasi zinatoka na joto kama mikate,
majina mia tatu na arobaini,
na mimi, Arlene Voth wa kaunta namba mbili,
nawajua kwa mwandiko kuliko kwa sura:
Harlan Ratzlaff, anayebana herufi kana kwamba wino unapimwa kwa kijiko;
Kuhlman, anayetia sahihi ya gavana
kwa eka sitini za mtama.

Nje, Kansas imelala chali.
Ghala la nafaka limelipita kanisa kwa urefu.
Mvua ilipita Aprili, ikapita tena Mei
bila hata kubisha hodi,
ngano ikakomaa ikiwa kimo cha soksi
na bei nayo ikainama kuifuata.
Ndiyo sababu serikali inalipa, huwaeleza wanaouliza:
bei ikianguka, mkono wa Washington unaidaka.
Lakini mkono huo unahesabu kwa eka.
Mwenye nyingi hudakwa kwa mikono yote miwili.

Wa kwanza kwenye orodha si mtu.
Ni kampuni, herufi tatu na nukta zake,
makao ghorofa ya thelathini na moja, mjini Dallas.
Sijawahi kufagia tope la kampuni hiyo.
Mchumia juani hulia kivulini, walisema;
hawakusema neno juu ya aliyezaliwa kivulini
akachumiwa na jua la wengine.

Wa kumi na saba ni kaka yangu, Leland.
Alfajiri, mkahawani, hupiga meza vikombe vikaruka:
"Serikali ituache! Wavivu wanakula kodi yetu!"
Saa nne yuko mbele yangu, kofia kifuani,
anauliza kwa sauti ya mtu aliye wodini,
"Zimeingia?"
"Zimeingia."
Hatutazamani.

Wapo pia wanaolipwa wasilime.
Hili lilinichukua miaka kulielewa:
udongo uliochoka, uliokuwa ukipaa na upepo
hadi ndani ya sukari zetu,
umeachiwa nyasi, na kware wanataga humo.
Tunalipia ukimya wa shamba.
Mjukuu wa Delphine Goertzen aliniuliza
kama naye atalipwa kwa kutofanya hesabu.

Emilio Barraza hayumo.
Kwa mavuno manane ameendesha mashine za watu hawa,
akilala kwenye kiti, buti zikiwa dirishani.
Fomu inaanza na swali la eka.
Ukiliacha wazi, ukurasa wa pili haufunguki.

Jumanne akaja Wilma Ratzlaff
na hundi ndani ya bahasha ya mbegu:
dola mia nne kumi na mbili, senti kumi na nane.
"Harlan tulimzika Februari," akasema. "Hajalima.
Sitaki cha bure."
Nikamwambia, hii ni ya mavuno ya mwaka jana, Wilma,
serikali hutembea kwa mkongojo.
Akafikiri.
"Kwa hiyo amelipwa akiwa maiti
hasara aliyoipata akiwa hai."
Ndiyo.
"Angecheka," akasema, na yeye hakucheka.

Nikatoa fomu ya warithi wa marehemu.
Sehemu ya sababu ina visanduku sita,
hakuna hata kimoja kinachosema Februari.
Nikamwonyesha pa kutia sahihi.
Akavua glavu, akashika kalamu
karibu kabisa na ncha,
na jina lake likatoka polepole,
herufi zimebanana, zimeegemeana,
mkia wa R umekatwa kuokoa wino.

Niliitazama ile karatasi muda mrefu.
Nyuma yangu, kabatini, zipo fomu za miaka ishirini na mitatu
zenye mkono huohuo
na jina la Harlan.